Kutoka bati la Hertz hadi mapaa ya Kitengela: historia ya antena zenye mwelekeo

Wiki hii tuweke kando lugha za programu na hifadhidata. Tupande juu ya mapaa.

Ukisimama kwenye ghorofa yoyote hapa Kitengela ukaangalia nyumba za majirani, utaona jambo moja. Antena za televisheni, zile za fito nyingi zilizopangwa kama mifupa ya samaki, karibu zote zimeelekea upande mmoja: kaskazini-magharibi. Hakuna aliyeitisha baraza kuamua hivyo. Zote zinatafuta Limuru, ambako televisheni ya Kenya ilianza kurushwa mwaka 1962. Madishi ya DStv nayo yanatazama juu, karibu utosini, kwa sababu setilaiti yake iko kwenye longitudo ya digrii 36 mashariki, na sisi hapa tuko karibu digrii 37. Halafu kuna vidishi vyeupe vya intaneti, kila kimoja kikimkodolea macho mnara wake, na busta za simu zenye mabamba marefu yaliyogawana dunia kwa pande tatu.

Mimi ni mwandishi wa programu, si mhandisi wa redio. Lakini kazi yangu yote inapita hewani kabla ya kukufikia wewe, kwa hiyo nimejilazimisha kuzielewa hizi fito. Nilichokuta ni historia ya zaidi ya miaka 130, yenye vita viwili vikuu ndani yake, na swali moja linalotuhusu sana sisi wa Kajiado: mawimbi yakielekezwa, yanaelekezwa kwa nani, na nani anaachwa gizani?

Twende polepole.

Antena haiongezi nguvu

Hili ndilo la kwanza la kuelewa. Antena haina betri. Haizalishi nguvu hata kidogo. Inagawa tu ile iliyopewa.

Chukua koroboi. Inamulika pande zote, na kila upande unapata kidogo. Sasa weka kipande cha bati linalong'aa nyuma yake. Mafuta ni yaleyale, utambi ni uleule, lakini ukutani mbele pameng'aa zaidi na nyuma pamekuwa giza. Hujaongeza mwanga, umeunyima upande mmoja ukaupa mwingine. Mafundi wakisema antena hii ina "desibeli 10", wanamaanisha upande inaotazama unapata mara 10 ya ule ambao ungepata kama nguvu ingemwagwa pande zote sawasawa. Desibeli 20 ni mara 100. Desibeli 30 ni mara 1,000.

Tena sheria hii inafanya kazi kurudi nyuma. Antena inayorusha vizuri upande fulani husikia vizuri kutoka upande huohuo. Ni kama mzee anayeweka kiganja nyuma ya sikio: anakusikia wewe uliye mbele yake, na kelele za nyuma zinapungua.

Mawe mawili kwenye silanga

Mwelekeo unapatikanaje? Nenda kwenye silanga yoyote wakati maji yametulia. Tupa jiwe moja: viduara vinatawanyika pande zote. Tupa mawili kwa pamoja, yakiwa yameachana kidogo. Sasa kuna sehemu ambako mgongo wa wimbi moja unakutana na mgongo wa jingine, maji yanapanda zaidi. Na kuna sehemu ambako mgongo unakutana na bonde, maji yanatulia kabisa.

Basi, siri yote ya antena zenye mwelekeo ni hiyo. Unapanga vyanzo vya mawimbi ili upande unaoutaka yajumlishane, na upande usioutaka yafutane. Kinachoamua ni umbali kati ya vyanzo ukilinganishwa na urefu wa wimbi, na nani anatangulia na nani anachelewa.

Urefu wa wimbi ni hesabu nyepesi: gawa 300 kwa masafa ya megahezi, unapata mita. Wimbi la megahezi 100, lile la redio ya FM, lina urefu wa mita 3. Wimbi la gigahezi 5.8, linalotumiwa na vile vidishi vyeupe, lina urefu wa sentimita 5 na kidogo. Ndiyo maana antena za zamani zilikuwa kubwa kama msitu na za leo zinaingia kwenye begi.

Hertz na bati lake

Watu wengi hudhani antena zenye mwelekeo zilikuja baadaye sana. Ukweli ni kwamba zilizaliwa karibu pamoja na redio yenyewe.

Mwaka 1888, huko Karlsruhe nchini Ujerumani, Heinrich Hertz alikuwa anajaribu kuthibitisha nadharia ya James Clerk Maxwell kwamba mwanga na mawimbi ya umeme-sumaku ni ndugu wa damu. Kama ni ndugu, basi mawimbi hayo yangeweza kuakisiwa na kioo kama mwanga. Hertz alichukua bati la zinki lenye urefu wa mita mbili, akalikunja kwa umbo la parabola, akaweka fimbo zake za umeme katikati. Mawimbi yake yalikuwa ya kama sentimita 66. Yalitoka mbele kama mwali wa tochi, na bati jingine kama hilo likayapokea upande wa pili.

Naam, bati. Kila fundi wa mtaani anayefunika antena kwa mfuniko wa sufuria anafuata nyayo za profesa.

Miaka michache baadaye Jagadish Chandra Bose, pale Calcutta, alienda mbali zaidi upande wa ufupi: mawimbi hadi ya milimita chache, yakielekezwa kwa vifaa vyenye umbo la faneli. Lakini dunia ilikuwa haijayahitaji. Guglielmo Marconi aligundua kwamba mawimbi marefu husafiri mbali zaidi kwa mashine za wakati ule, akavuka Atlantiki mwaka 1901. Mawimbi marefu yanataka antena ndefu, na ukishajenga nguzo ya mita 60 huna hamu ya kuifanyia kioo. Kwa miaka ishirini hivi redio ikawa ni kupiga kelele pande zote.

Mjerumani mwingine, Karl Ferdinand Braun, mwaka 1905 alijaribu jambo la ajabu. Alisimamisha nguzo tatu kwa pembetatu, akaichelewesha moja kidogo kwa umeme. Nguzo hazikusogea, lakini mwelekeo wa mawimbi ulisogea. Braun na Marconi waligawana tuzo ya Nobel mwaka 1909. Mkumbuke huyu Braun, tutakutana naye tena Kajiado.

Kelele iliyowaponza

Kwetu Afrika Mashariki, redio iliingia vitani kabla haijaingia sebuleni. Wajerumani walikuwa na vituo vya redio Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, mnara wa Dar es Salaam ulikuwa miongoni mwa shabaha za kwanza kabisa: meli ya Kiingereza Astraea ilifika kuupigia mizinga tarehe 8 Agosti 1914. Mwezi Juni 1915 kikosi cha Waingereza kilitoka Kisumu, kikavuka Ziwa Viktoria na kuivamia Bukoba, na kituo cha redio kilikuwa ndicho lengo kuu. Kiliharibiwa.

Kwa nini watu wavuke ziwa kwa ajili ya nguzo na nyaya? Kwa sababu kituo kile kiliwaunganisha wenyeji wake na ulimwengu bila kebo, na kebo za baharini zilikuwa mikononi mwa Waingereza. Zanzibar ilikuwa imeungwa na kebo ya telegrafu tangu 1879. Asiye na kebo alibaki na hewa.

Lakini hewa ile ilikuwa ya wote. Ukitangaza pande zote, rafiki anakusikia na adui anakusikia. Sisi waandishi wa programu tunalijua tatizo hili: ni sawa na kutuma siri kwa orodha nzima ya barua pepe ukitumaini kwamba mwenyewe tu ataisoma.

Marconi anarudi kwa Hertz

Baada ya vita, mhandisi wa Marconi aitwaye Charles Franklin alirudi kwenye mawimbi mafupi na vioo. Safari hii kioo hakikuwa bati bali pazia la nyaya zilizoning'inia kwenye milingoti mirefu, safu ya mbele ikirusha na safu ya nyuma ikiakisi. Vituo vya kwanza vya kuiunganisha Uingereza na makoloni yake vilifunguliwa: Kanada mwaka 1926, kisha Australia, Afrika Kusini na India mwaka 1927.

Matokeo yake yaliwashtua wenye kebo. Mfumo mpya ulitumia nguvu kidogo, ukatuma maneno haraka, na bei ikawa chini. Kampuni za kebo zilitikisika kiasi kwamba zililazimika kuunganishwa na Marconi mwaka 1929, na mwaka 1934 kampuni hiyo ikabatizwa jina la Cable and Wireless. Yaani mpangilio wa nyaya tu, bila mtambo mkubwa zaidi, uliipigisha magoti biashara ya nusu karne.

Profesa Yagi na mwenzake aliyesahaulika

Sasa tufike kwenye ile mifupa ya samaki. Inaitwa antena ya Yagi, lakini kazi kubwa ya majaribio ilifanywa na Shintaro Uda, katika chuo kikuu cha Tohoku kule Sendai, Japani. Yeye na Hidetsugu Yagi walitoa makala yao ya kwanza mwaka 1926. Mwaka 1928 Yagi aliandika kwa Kiingereza katika jarida la wahandisi wa redio wa Marekani, na jina lake ndilo lililoshika. Wengine siku hizi wanasema Yagi-Uda, na ni haki.

Inafanya kazi hivi. Fito moja tu ndiyo imeunganishwa na waya. Ina urefu wa karibu nusu ya wimbi. Nyuma yake kuna fito ndefu kidogo, na mbele yake fito kadhaa fupi kidogo. Hizi nyingine hazijaunganishwa na kitu chochote. Lakini wimbi likipita, nazo zinasisimka na kurusha wimbi lao. Fito ndefu huitikia kwa kuchelewa, fupi huitikia kwa kuwahi. Umbali ukipangwa vizuri, mwitikio wa ile ya nyuma hulifuta wimbi linalokwenda nyuma, na wa zile za mbele hulisukuma mbele. Ni kama kwaya ambayo mmoja tu ana nota, na wengine wote wanamfuata kwa kuwahi au kuchelewa nukta moja, na bado wimbo unatoka sawa.

Uzuri wake ni bei. Fito za alumini, boriti moja, skrubu. Hakuna kingine.

Japani yenyewe haikuitilia maanani sana. Singapore ilipoanguka mwaka 1942, wanajeshi wa Kijapani walikuta madaftari ya Mwingereza mmoja wa rada yenye neno "Yagi" tele, wakamuuliza mateka maana yake. Akawaambia ni jina la profesa wao. Hadithi hii ni maarufu kati ya watu wa redio, na kila nikiikumbuka nafikiria vitu vingapi vya kwetu tutakuja kufundishwa na wageni.

Mwaka huohuo wa 1942 vita vilifika pwani yetu kwa njia ya redio. Wajapani walipoishambulia Colombo, wataalamu wa Kiingereza waliokuwa wakinasa na kufumbua mawasiliano ya jeshi la majini la Japani walihamishiwa Kilindini, Mombasa, katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Tatizo likawa kusikia tu. Mombasa iko mbali mno na meli walizokuwa wakizisikiliza, mawimbi yalifika yamechoka, na mwaka 1943 wakarudi Colombo. Akili za kufumbua walikuwa nazo. Kilichokosekana ni mawimbi yenyewe.

Sikio la Longonot

Uhuru ulipokuja, simu ya nchi za nje kutoka Nairobi ilipitia redio ya mawimbi mafupi. Mawimbi hayo hudunda kwenye tabaka za juu za anga, na anga lina hasira zake: leo sauti safi, kesho mvumo mtupu.

Mwaka 1970 kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa katika Bonde la Ufa, kikimilikiwa na kampuni ya mawasiliano ya nje ya Afrika Mashariki iliyojulikana kama EXTELCOMS. Dishi la aina ile lilikuwa na kipenyo cha karibu mita 30. Tufanye hesabu. Kwenye gigahezi 4, wimbi ni sentimita 7.5. Dishi la mita 30 linaukusanya upande wake kwa takriban mara milioni moja, na mwali wake una upana usiofika hata robo ya digrii. Lengo lake lilikuwa setilaiti iliyo juu ya Bahari ya Hindi, kwa kimo cha kilomita 36,000 hivi.

Hilo ndilo bati la Hertz, lililokua. Umbo ni lilelile la parabola, na kwa sababu ileile: kila wimbi linaloingia sambamba na mhimili hudunda na kukutana mahali pamoja, likiwa limesafiri umbali ulio sawa na wenzake. Bonde la Ufa lilichaguliwa vizuri pia, maana milima huzuia kelele za redio za mjini.

Fito, dijitali na corona

Turudi kwenye televisheni. Mwaka 1990 KTN ilianza, ikiwa kwenye chaneli 62 ya UHF. Chaneli hiyo iko kati ya megahezi 798 na 806, kwa hiyo nusu ya wimbi ni sentimita 19 hivi. Antena kubwa za VHF zilizozoeleka kwa televisheni ya taifa hazikuifaa. Ndipo zikaanza kuonekana kwenye mapaa zile antena za fito fupifupi.

Februari 2015 mitambo ya analojia ya eneo la Nairobi ilizimwa, na kwa wiki kadhaa vituo vikubwa vya binafsi vikawa havionekani hadi vilipojiunga na dijitali mwezi Machi. Biashara ya ving'amuzi ikapamba moto, na pamoja nayo biashara ya "antena za dijitali".

Niseme wazi: hakuna antena ya dijitali. Antena inajua masafa na mwelekeo tu. Haijui kama wimbi limebeba analojia, dijitali au mahubiri. Ile Yagi ya UHF iliyokuwa ikikamata KTN inakamata na dijitali, mradi chaneli iko ndani ya masafa yake. Wengi walitupa antena nzuri wakanunua plastiki yenye kibandiko. Na masafa yale ya zamani ya KTN hayakulala bure: bendi ya megahezi 800 ilikuja kutumika kwa 4G ya simu.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya corona, na masomo yakahamia redio, televisheni na YouTube kupitia taasisi ya mitaala, KICD. Hapo ndipo mwelekeo wa fito ukawa swali la elimu. Mtoto wa Kitengela mwenye antena juu ya ghorofa aliona mwalimu. Mtoto aliye nyuma ya kilima kule ndani Kajiado, ambako mawimbi ya Limuru hayashuki, alisubiri hadi shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021. Wote wako kaunti moja, wote wanafanya mtihani mmoja.

Kitengela hadi Kajiado kwa hesabu

Shemeji yangu ana duka la dawa za mifugo Kajiado mjini. Siku moja akaniuliza, "Shemeji, wewe si una intaneti nzuri huko Kitengela? Kwa nini usinirushie tu?"

Ni swali zuri, na nililiandikia programu ndogo ya Python. Kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 47. Dishi la sentimita 60 kwenye gigahezi 5.8 lina mwali wa digrii 6 na linakusanya karibu mara 800, kwa hiyo nguvu si tatizo. Mwaka 2007 kikundi cha Ermanno Pietrosemoli kule Venezuela kilipeleka Wi-Fi umbali wa kilomita 382, kutoka mlima hadi mlima.

Maneno muhimu hapo ni "mlima hadi mlima". Dunia ni mviringo. Kwa kilomita 47, hata ukihesabu kwamba hewa huyapinda mawimbi kidogo, mgongo wa dunia unanyanyuka kama mita 32 katikati ya safari. Tena wimbi si uzi. Linahitaji nafasi yenye umbo la yai refu kati ya antena mbili, inayoitwa eneo la Fresnel kwa jina la Mfaransa aliyechunguza mwanga. Katikati ya kilomita 47 nusu-kipenyo cha yai hilo ni karibu mita 25. Jumlisha, unataka milingoti inayolingana na jumba la ghorofa, na bado hatujahesabu vilima vya Athi-Kapiti.

Dawa ni kukata safari. Isinya iko karibu katikati. Kwa kilomita 25 mgongo wa dunia unashuka hadi mita 9 tu. Ukigawa umbali kwa mbili, mgongo unagawanyika kwa nne. Reli, bomba la maji, nguzo za stima, kila kitu kinachotoka Nairobi kuelekea kusini kinahitaji kituo cha kati, na mawimbi pia.

Shemeji akasikiliza, akacheka: "Kumbe hata intaneti lazima ipumzike Isinya inywe chai."

Hiyo Fresnel ilinitembelea nyumbani pia. Mtoa huduma mmoja wa mtaani aliniwekea kidishi kilichotazama mnara wake, umbali wa kilomita 5. Kikafanya kazi vizuri mwaka mzima. Kisha ploti ya mbele ikaota jengo la ghorofa tano. Mnara bado nilikuwa nauona kwa macho, pembeni kidogo ya ukuta, lakini intaneti ikawa inakatika kila mara. Kampuni ilibisha wiki tatu kwamba tatizo ni kompyuta yangu. Fundi aliyekuja mwishowe alitazama mara moja akasema, "Bosi, wewe unauona mnara kwa tundu la sindano. Wimbi halipiti kwenye tundu la sindano." Kwa kilomita 5, yai lile lina nusu-kipenyo cha mita 8 katikati. Akanyanyua mlingoti, tatizo likaisha.

Kitengela inajengeka haraka. Kila ghorofa jipya ni kivuli kwa mtu fulani nyuma yake, na hakuna kibali cha ujenzi kinachouliza ni nani.

Braun anafika Kajiado

Julai 2023 Starlink ilianza huduma Kenya. Setilaiti zake haziko kilomita 36,000 bali kama 550, kwa hiyo hazitulii mahali pamoja. Zinakimbia angani na kuvuka juu yako kwa dakika chache. Dishi la kawaida lingehitaji mota ya kuzifuata bila kupumzika.

Lakini kile kibamba cheupe kina mamia ya antena ndogondogo ndani yake. Kompyuta inaichelewesha kila moja kwa kipimo chake, na mwali unageuka wakati kibamba kimetulia. Ni zile nguzo tatu za Braun za 1905, zikiwa zimepunguzwa ukubwa na kuongezwa idadi. Mtu wa ndani kabisa, mbali na lami ya Namanga, hakuhitaji kuonana na mnara wowote.

Hata hivyo sheria ya koroboi haikufutwa. Setilaiti nayo inaelekeza miali yake kwenye vipande vya ardhi, na kila kipande kina kiasi chake. Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kuandikisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, Kajiado ikiwemo, kwa sababu nafasi ilijaa, na ilichukua miezi kadhaa kabla ya kufungua tena. Mtu wa Kajiado ndani, aliyeihitaji kuliko wote, alikuta foleni imejaa watu ambao wengi wao wana nyaya za faiba mlangoni.

Nani anaelekezewa?

Antena yenye mwelekeo ni uamuzi wa kugawa. Franklin alipotundika pazia lake aliitazama Kanada na Australia. Anayefunga mabamba matatu ya busta kando ya barabara ya Namanga anaamua pembe, na kwa kawaida anaelekeza kwenye mji, lami na mashamba ya maua, kwa sababu huko ndiko kuna wateja. Hisabati haimlaumu. Lakini boma lililo nyuma ya kilima halikukosa mawimbi kwa bahati mbaya; kuna mtu aliyechagua nyuzi.

Uzuri ni kwamba hesabu zenyewe si siri. Hizi hapa chache za kuanzia:

Kwanza, kabla ya kununua antena mpya ya televisheni, geuza uliyonayo. Kitengela elekeza kaskazini-magharibi. Kajiado mjini elekeza kaskazini, ukivuta kidogo magharibi. Sogeza polepole na umwache mtu atazame kipimo cha king'amuzi.

Pili, angalia fito za majirani zimelala au zimesimama. Zako zifanye vivyo hivyo. Wimbi lililolala halisikiki vizuri na fito iliyosimama.

Tatu, ukiwekewa kidishi cha intaneti, usiulize tu kama mnara unaonekana. Uliza kuna nafasi ya mita ngapi pembeni na chini ya mstari huo, na ploti ya mbele ni ya nani.

Nne, kwa vikundi vya wafugaji, shule au zahanati zilizo nyuma ya kilima: nguzo moja juu ya kilima, vidishi viwili vimepeana migongo, kimoja kikitazama mjini na kingine bondeni, na sola ya kuviendesha. Ulizeni leseni kwanza katika Mamlaka ya Mawasiliano. Wahenga walisema tusigombanie fito ilhali twajenga nyumba moja. Hapa fito ni za alumini, na nyumba ni kaunti nzima.

Kajiado, kwa Kimaasai, imetokana na jina la mto mrefu. Shemeji sasa anatafuta rafiki mwenye paa refu Isinya. Ukimjua mtu, mwambie chai iko tayari.